Kuendesha banda dogo la sanaa Bagamoyo: anza na mwezi wa nne

Kama unachora, unachonga, unasuka vikapu au unatengeneza urembo wa shanga na unataka iwe ndio kazi ya kukulisha, mwongozo huu ni wako. Mi nachora na kuuza hapa Bagamoyo, banda langu liko Mji Mkongwe, na cha kwanza nachotaka kukwambia ni kwamba biashara ya sanaa hapa kwetu usiipime kwa mwezi wa nane, wageni wamejaa mpaka wanapishana Mtaa wa India, ipime kwa mwezi wa nne. Mwezi wa nne masika imeshika, njia za ndani tope, mgeni humuoni, na kodi ya banda iko palepale haijapungua hata mia. Ukipanga mambo yako huku unaufikiria huo mwezi utadumu. Ukipanga kwa kuangalia msimu tu, utafunga banda kabla mwaka haujaisha, na nimeona vijana wenye mkono mzuri kabisa sasaivi wako kwenye bodaboda, sio kwamba kazi zao zilikuwa mbaya, hesabu ndio haikukaa, na inauma kwa sababu mkono kama ule haupatikani kila siku.

Hatua ya 1: Jua nani atanunua wageni wasipokuwepo

Wengi wakianza wanachora kile wanachodhani mzungu anataka, Mmasai na mkuki wake, twiga, jua linazama, basi. Zinauzika, sikatai, ila kuanzia hapa mpaka Mwenge kule Dar kila banda zipo. Chukua daftari uandike watu wote wanaoweza kununua kazi yako bila kupanda ndege kwanza. Utashangaa ni wengi.

Kuna wenye nyumba. Sisi watu wa pwani tunapenda sebule ipambike, na Ramadhani ikikaribia watu wanapaka rangi nyumba, wanabadili mapazia, na ukutani wanataka kitu kipya kabla ya Idd. Ayatul Kursi iliyochorwa kwa mkono kwenye kanvasi, kwa kipimo cha ukuta wake na rangi inayoendana na makochi yake, haiwezi kulingana na ile ya plastiki ya dukani, na mteja anajua. Ila hapo uwe makini sana, hata kama unasoma Kiarabu mpe ustadhi apitie mchoro ukiwa bado wa penseli kabla hujaweka rangi, maana nukta moja ikikaa pasipo pake hiyo kazi hakuna wa kuichukua, na hayo ni maneno matukufu, sio ya kukosea.

Kuna zawadi za harusi. Kuna watu wanataka picha ya mama au baba aliyefariki, wanakuja na kapicha ka kitambulisho kamefifia, na hizo ni kazi ambazo mtu habishani bei akiona umefanya kwa heshima. Kuna shule za chekechea, kila moja inataka ukuta wenye herufi, wanyama na matunda. Kuna loji, saluni na migahawa wanaotaka bango au ukuta uchorwe. Kuna watu wa Dar, ni kilomita 70 hivi tu, wanakuja wikiendi kula samaki na kupiga picha, gari lao lina buti tupu. Na kuna ziara za wanafunzi, mabasi kwa mabasi wanakuja kuona Kaole, Caravan Serai na makumbusho ya Misheni, kila mtoto ana hela kidogo mfukoni na anataka abebe kitu cha kumuonyesha mama yake. Yule hanunui picha ya laki moja, ila kadi iliyochorwa ya 2,000 au kibao kidogo cha 5,000 ananunua, na wakishuka 60 kwenye basi moja hiyo ni hela ya kodi.

Sijasema uwaache wageni. Nasema wageni wawe nyongeza.

Hatua ya 2: Bei, na hapa usikimbie

Hili ndilo linaua biashara nyingi kwa hiyo nitakaa nalo. Ukimuuliza msanii hii picha bei gani anaangalia kwanza viatu vya aliyeuliza. Usifanye hivyo. Bei itoke kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni hii, tuchukue mfano wa picha ya sentimita 60 kwa 90, namba weka zako:

Kitambaa na mbao za fremu 14,000. Rangi, gundi na rangi nyeupe ya kutangulizia 9,000. Nauli ya kufuata mzigo Kariakoo ukiigawa kwa picha zote za mzigo huo, 3,000. Banda, tuseme kodi ni 80,000 kwa mwezi na kwa mwezi unatoa picha 10, kwa hiyo kila picha inabeba 8,000. Bando na umeme 2,000. Jumla 36,000, na bado hujajilipa hata senti.

Sasa jilipe. Jiulize ungeenda kufanya kibarua cha mtu mwingine ungekubali kwa siku shilingi ngapi, tuseme 20,000, na picha hii inakula siku 2, hiyo 40,000. Tumefika 76,000. Juu yake weka robo, yaani 19,000, hii ndio faida ya biashara, sio yako, hii ndio itanunua rangi mpya, itaziba bati linalovuja na itakaa ikisubiri masika. Jumla 95,000. Chini ya hapo unamlipa mteja ili achukue picha yako.

Alafu kuna cha juu, yaani hela ya anayekuuzia. Hoteli ikiweka picha yako ukutani inaweza kutaka asilimia 30. Watu wengi wanachukua 95,000 wanaongeza asilimia 30 yake, inakuwa 123,500, wanaona tayari. Piga hesabu vizuri, hoteli inakata 30 kwenye bei ya kuuzia, sio kwenye bei yako, kwa hiyo inachukua 37,050 na wewe unabaki na 86,450, umepoteza 8,550 bila kuibiwa na mtu. Njia sahihi ni kugawa: 95,000 gawa kwa 0.7, unapata kama 136,000. Hoteli ikikata chake unabaki na 95,200.

Na bei iwe hiyohiyo bandani kwako na hotelini. Hii wenzangu wengi wananibishia, wanasema bandani punguza. Mimi sikubaliani, mgeni akiona picha hotelini 136,000 alafu akatembea dakika tano akaikuta kwako 90,000, hoteli haitakupa ukuta tena na wala siwalaumu. Ile tofauti ukiuza mwenyewe ni malipo ya kazi ya kuuza, kukaa pale kutwa ni kazi. Wanaotembeza wageni nao wakikuletea mteja wape kamisheni inayojulikana, moja kwa wote, iandike, usimpe huyu 10 na yule 25 maana mji huu mdogo, jioni wote wanakaa kijiwe kimoja.

Kupatana kupo, hatuwezi kukwepa. Bei ya mwisho uwe nayo kichwani kabla mteja hajafungua mdomo, na badala ya kushusha sana ongeza kitu, mpe kadi mbili juu. "Mama, picha siwezi kufika hapo, ila chukua na hizi kadi za watoto" inamaliza mengi.

Hatua ya 3: Daftari na hela za kando

Daftari la kawaida linatosha. Tarehe, kilichouzwa, bei, aliyenunua ni nani (mgeni, mwenyeji, hoteli, shule), kilichotumika. Hiyo ya nani amenunua usiiache, mwaka ukiisha ndio itakwambia nani anakulisha kweli, na mara nyingi sio yule uliyedhani. Fungua lipa namba ya biashara peke yake, usichanganye na laini unayotumiwa hela ya michango ya harusi na ada za watoto, maana ukichanganya utaona laini ina hela utafikiri biashara inaenda kumbe ni hela ya shangazi.

Hatua ya 4: Makaratasi

Hapa nitapita haraka. TIN ya TRA inatolewa bure, akikuomba mtu hela ya TIN huyo ni dalali. Jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao. Leseni unaulizia halmashauri, na ukifika hapohapo mtafute Afisa Utamaduni mfahamiane, kukiwa na maonyesho au mgeni anatafuta wasanii yeye ndio anaulizwa. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984, wao wanasajili wasanii na vikundi, na hicho cheti hoteli kubwa na taasisi wanakiulizia kabla hawajakupa kazi. Kwenye kodi ya makadirio viwango ni tofauti kwa anayetunza kumbukumbu na asiyetunza, kwa hiyo lile daftari la hatua ya 3 lina faida nyingine, nenda nalo.

Ukiuza vitu vya baharini, magamba ya kasa usiyaguse, wala meno ya tembo kwa aina yoyote, hata ukiambiwa ni ya zamani. Ni kosa la jinai na mgeni naye atakamatwa uwanja wa ndege.

Hatua ya 5: Mali kauli

Kuacha kazi zako kwenye duka au hoteli ya mtu ulipwe zikiuzwa, ndio mali kauli, na kwa msanii mdogo haikwepeki maana huna hela ya kufungua maduka matatu. Utaambiwa, "Dada we niachie tu mzigo, ukiuzika nitakupigia." Anayesema hivyo huenda ni mtu mzuri kabisa, ila watu wazuri wanahama kazi.

Kwa hiyo kabla hujatoa picha hata moja mkononi, andika karatasi nakala mbili. Orodha ya kazi moja moja: namba, jina, kipimo, bei ya kuuzia, asilimia yao. Chini andika kazi zinabaki mali yako mpaka zilipwe, ikiharibika au kupotea wanalipa, hela yako inatoka ndani ya siku ngapi baada ya kuuzwa, na tarehe ya kurudisha ambazo hazijauzwa. Sahihi ya meneja na muhuri. Piga picha kila kazi ikiwa imetundikwa pale ukutani kwao. Kuna hoteli moja meneja alihama, aliyekuja akasema picha amezikuta ukutani kwa hiyo ni za hoteli, nikamtolea karatasi yenye muhuri wao wenyewe na jioni ileile nilitoka na kazi zangu zote kwenye bajaji. Bila ile karatasi ningesema nini?

Pita kila mwezi, usingoje kupigiwa. Ukipita futa vumbi, nyoosha zilizopinda, badilisha zile zilizokaa sana. Picha ambayo imekaa sehemu moja msimu mzima watu wa pale hawaioni tena.

Hatua ya 6: Oda

Oda yoyote, hata ya ndugu, nusu mbele. Hiyo nusu iwe angalau imefunika vifaa vyote. Mwonyeshe mchoro wa penseli akubali kwa meseji, sio kwa mdomo, alafu mwambie mabadiliko baada ya rangi kuingia yana bei. Kwa picha ya marehemu mtumie ukiwa umefika katikati, familia nzima waangalie, maana mmoja atasema pua sio yake na huyo mmoja huwa ndio anayejua.

Ndugu na marafiki wape punguzo ukitaka, ila liandike kwenye daftari kama punguzo, ujue mwaka mzima umetoa zawadi ya shilingi ngapi.

Hatua ya 7: Chumvi, unyevu na kufunga mzigo

Bahari iko palepale na inakula kila kitu. Pini za stepla za kawaida nyuma ya fremu zinashika kutu, alafu doa la kahawia linatokeza mbele kwenye kitambaa, kwa hiyo tafuta zisizoshika kutu au tumia misumari midogo iliyopakwa zinki. Picha usiibandike ikagusa ukuta wa mawe na chokaa kama hizi nyumba zetu za zamani, ukuta unatoa unyevu na nyuma ya kitambaa unaota ukungu. Gundisha vipande viwili vya mbao, unene wa kidole, kwenye kona za chini nyuma ya fremu, hewa ipite. Kazi zilizo stoo zisimamishe juu ya mbao, sio sakafuni, na siku ya jua zitoe kivulini zipate upepo.

Mgeni wa ndege anataka ikunjwe. Nunua bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji taka, hadwea yoyote wanalo, kata kwa urefu unaotaka. Tandika karatasi ya kuokea keki juu ya rangi, alafu viringisha picha juu ya bomba huku upande wa rangi ukiwa NJE, sio ndani. Watu wanafanya kinyume wakidhani wanailinda, rangi ikiwa ndani inajibana inapasuka mikunjo, ikiwa nje inanyooka tu. Na usitumie nailoni kugusana na rangi, rangi ya akriliki ikipata joto inalainika, nailoni inang'ang'ania, ukiivuta inatoka na uso wa picha. Nailoni iwe ya mwisho kabisa kwa nje kuzuia maji.

Mzigo wa Dar unaenda na basi la stendi ya Makumbusho. Piga picha ya mzigo, namba ya gari na chukua simu ya konda, mtumie mteja vyote vitatu kabla gari halijatoka. Nje ya nchi tumia EMS ya Posta, uliza gharama kwanza na umwambie mteja kabla hajalipa picha, sio baada.

Hatua ya 8: Simu yako

Kwa wateja wa hapahapa nchini stetasi ya WhatsApp inaniuzia kuliko Instagram. Piga picha asubuhi kivulini, futa kioo cha kamera kwanza, na weka kiti au mtu pembeni ili ukubwa uonekane. Alafu andika bei. Hii ya "bei njoo inbox" sijui ilianzia wapi lakini inafukuza watu, mtu akiona hakuna bei anahisi utaangalia profaili yake ndio umpangie. Andika kipimo, bei, inapatikana wapi, lipa namba, basi. Akinunua mtu muombe picha ya kazi ikiwa ukutani kwake, ukiposti hiyo inaleta wengine kuliko maneno yako yote.

Hatua ya 9: Kuigwa

Utaigwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, hadibodi na rangi za mafuta za kawaida, akafariki 1972, na leo mtindo wake unachorwa na watu wasiohesabika mpaka jina lake limekuwa jina la mtindo wenyewe. Mtindo hauna mwenyewe kisheria, ila mchoro wako fulani una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda kazi tangu ulipoitengeneza, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanakusajilia uwe na ushahidi. Kwa hiyo weka sahihi na mwaka mbele, nyuma andika jina na namba, tunza picha yake kabla haijaondoka. Na mteja aliyenunua picha hajanunua haki ya kuiprinti, hoteli ikitaka kuiweka kwenye fulana au menyu hiyo ni bei nyingine na karatasi nyingine.

Kwa vijana wanaoiga ili wajifunze mi sigombani nao. Wakae wachore, wakiweza nawapa kazi ya kuandaa fremu na kupaka rangi ya kwanza, mwisho wanapata mkono wao.

Hatua ya 10: Panga mwaka kurudi nyuma

Chukua kalenda, anza na mwezi wa nne na wa tano. Hesabu kodi na matumizi ya miezi hiyo miwili, gawa kwa miezi ya msimu, kuanzia wa sita mpaka wa kumi, hicho kiasi kitoke kila mwezi kabla hujanunua chochote, kiende kibubu au VICOBA. Tamasha la TaSUBa, hiyo taasisi yetu iliyokuwa Chuo cha Sanaa tangu 1981, huwa linaleta watu wengi mjini mwishoni mwa mwaka, jiandae nalo mapema kwa vitu vidogo maana watu wa tamasha wanatembea kwa miguu usiku, hawabebi picha ya mita moja. Kabla ya Ramadhani andaa kazi za sebule, na kumbuka Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hiyo usikariri mwezi.

Ukihitaji mtaji, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa bila riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kwa vikundi. Ingia na watu ambao umeona wanalipa madeni yao, sio marafiki tu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao upo, ulizia.

Na masika yenyewe isikukute umekaa bandani unaangalia mvua. Kuta za nje usizikubali kipindi hicho, rangi haikauki na maji yanaivua, ila shule zinafunga mwezi wa sita na ndio muda wa kuchora kuta zao bila watoto kugusa. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu toka na albamu ya kazi zako, zungukia chekechea moja moja kuanzia Dunda, Magomeni, Nianjema mpaka Kerege, ongea na mwalimu mkuu, pima ukuta, mchoree penseli hapohapo aone, mkubaliane kazi ya mwezi wa sita, na nusu ya hela uichukue mwezi wa nne.